Sauti Iliyokatika Alasiri

Nyumba ya Muhidini iko Kibiti, nyuma ya barabara kuu, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Asubuhi Muhidini huenda shambani kwake kwenye mikorosho. Dada yake, Hajira, hukaanga vitumbua uani. Binti wa Muhidini, Rukaiya, hufungua duka katika chumba cha mbele. Humo anachapa barua, anatoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti.

Kompyuta ya duka ilikuwa ya marehemu mama yake, Mwanawetu. Inatumia mfumo wa Linux. Chini ya meza kuna sanduku jeusi lenye betri ndani. Sanduku hilo linaitwa UPS. Umeme ukikatika, betri yake inaiwezesha kompyuta kuendelea kwa muda, na sanduku linalia: pii, pii, pii.

Kabla hajafa, Mwanawetu alijirekodi katika kompyuta ile. Alimwambia binti yake, "Humo nimekuwekea wosia. Usiufungue mpaka posa yako ikubaliwe."

Rukaiya alisubiri miaka miwili. Mimi nisingeweza, nasema kweli.

Ndipo ikaja posa ya Hemedy, fundi wa injini za boti kule Nyamisati. Rukaiya alimpenda, na Muhidini akakubali. Siku ya pili yake, Rukaiya aliswali alasiri, akafunga mlango wa duka, akaufungua wosia.

"Rukaiya mwanangu," ilisema sauti. "Kama unanisikia, basi mimi nimeshazikwa na wewe umeposwa. Usilie. Kaa vizuri."

Rukaiya alikaa vizuri. Mama alizungumza juu ya wakwe, juu ya subira, juu ya kutosema mambo ya ndani kwa majirani. Wakati huo taa ya juu ilianza kufifia. Ikawa nyekundu kama kaa la moto. Feni ikazunguka polepole. Chini ya meza sanduku likaanza kulia.

"Na mumeo, mwanangu..." ilisema sauti.

Hapo ikakatika. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Rukaiya aliinua macho. Taa ilikuwa bado inawaka, ile nyekundu. Umeme haukuwa umekatika, lakini kompyuta ilikuwa imezimika.

Kesho yake alijaribu tena saa zilezile. Taa ikafifia, sanduku likalia, na sauti ikakatika mama alipoanza kumtaja mume. Siku iliyofuata Rukaiya alimwita shangazi yake wasikilize pamoja. Hajira alipoisikia sauti ya wifi yake alishika mdomo. Ilipokatika palepale, alisimama.

"Umesikia?" alisema. "Kila akifika kwa mume anafunga mdomo. Marehemu hamtaki huyo Hemedy."

"Shangazi, ni kompyuta tu."

"Kompyuta gani inayozimika na taa inawaka? Mimi si mtoto, Rukaiya."

Jioni walimweleza Muhidini. "Dada, usiseme hivyo," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Basi niseme vipi?" alijibu Hajira. "Posa irudishwe kabla halijatupata jambo."

Rukaiya alilia usiku kucha. Alimtaka Hemedy. Lakini nani anataka kuolewa kinyume cha neno la mama yake aliye kaburini?

Hajira naye hakulala bure. Alilifunika sanduku kwa kaniki, akaweka chetezo cha ubani pembeni yake. Kesho yake alasiri lililia chini ya kaniki ile, na moshi ukapanda juu ya meza. Safari hii Rukaiya hakuwa ameufungua wosia. Alikuwa anachapa barua ya mteja. Kompyuta ikazimika, na alipojaribu kuiwasha tena haikuwaka vizuri. Ilionyesha mistari ya maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikakwama hapo. Mteja akachukua karatasi zake, akaondoka bila kuaga.

"Kesho sanduku hili linakwenda mtoni," alisema Hajira. "Na hiyo kompyuta nyuma yake."

"Kesho hiyohiyo, shangazi, nami nitamleta mtu alitazame kwanza," alisema Rukaiya. Alikuwa na hasira sasa, na hasira ilimsaidia.

Asubuhi alipanda bodaboda hadi karibu na stendi, kwa dada Purvi. Purvi anauza na kutengeneza kompyuta. Babu yake alikuwa na duka la nguo Mohoro, na Purvi mwenyewe amezaliwa na kukulia Kibiti. Alimsikiliza Rukaiya mpaka mwisho, akachukua begi lake na betri mpya, wakaenda pamoja.

"Hodi! Shikamoo, bi Hajira."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuchukulia balaa letu?"

"Nimekuja kuliangalia kwanza." Purvi aliinama, akaiondoa kaniki, akagusa sanduku. "Lina joto hili. Bi Hajira, sanduku hili linataka hewa. Ukilifunika na kuliwekea moto pembeni, betri inakufa mapema." Kisha akamgeukia Rukaiya. "Linalia wakati gani?"

"Alasiri. Taa zikiwa nyekundu."

"Mwinyimvua anawasha mashine yake ya mpunga wakati gani?"

"Akitoka msikitini. Akishaswali alasiri."

"Na wewe unafungua wosia wakati gani?"

"Nikishaswali alasiri."

Wakatazamana.

"Sikiliza," alisema Purvi. "Mashine ya mpunga inavuta umeme mwingi. Ikianza, umeme unaofika hapa unakuwa mdogo. Taa inavumilia, inawaka nyekundu. Sanduku halivumilii. Linaukataa umeme mdogo usiharibu kompyuta, kisha linatumia betri yake. Linalia kukuambia hivyo. Lakini betri hii imechoka. Inashika dakika chache tu, halafu kompyuta inaanguka. Wewe na Mwinyimvua mnaanza baada ya swala moja. Mama yako akifika kwa mume, betri imefika mwisho."

"Mbona neno lilelile?" aliuliza Hajira.

"Ni lilelile kweli?"

Rukaiya alifikiri. "Mara ya pili ilikatika mapema kidogo. Hakulimaliza neno 'mumeo'."

"Mlikuwa mnalingoja neno hilo," alisema Purvi. "Sasa, sanduku hili nilimuuzia marehemu mimi mwenyewe, na lilikuwa na waya mfupi wenye kichwa cha mraba. Uko wapi?"

Hajira alitazama sakafu. Kisha akaingia chumbani kwake, akarudi na kifundo cha kitambaa cheusi. Kilinuka mvuje, ile dawa ya kufukuzia mashetani. Alikifungua, na ndani yake ulikuwamo ule waya.

"Niliuchomoa siku ya arobaini," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisikia sanduku linalia peke yake. Nikasema kilichomo kisije kikapita kwenye waya kikapanda kwenye kompyuta yake."

Purvi hakucheka. "Hukukosea sana, bi Hajira. Kwenye waya huu kweli kuna kitu kinapita. Zinapita habari. Sanduku linaiambia kompyuta: umeme upo, umeme haupo, betri imebaki kiasi hiki. Bila waya, kompyuta haijui lolote. Inaendelea na kazi mpaka inaanguka katikati, na ikianguka hivyo mara nyingi, mafaili yanaharibika. Ndiyo maana jana imegoma kuwaka."

"Na wosia?" aliuliza Rukaiya.

"Tuangalie."

Purvi aliandika amri ya kukagua diski. Maandishi yalipita kwenye kioo moja baada ya jingine. Rukaiya aliomba dua kimyakimya. Mwisho kompyuta iliwaka, na faili la mama lilikuwa mahali pake. Kabla ya jambo lolote lingine, Purvi alilinakili kwenye flashi.

"Kitu usichotaka kukipoteza kisikae mahali pamoja," alisema, akampa Rukaiya flashi. "Sijausikiliza. Ni maneno yako."

Kisha alizima kila kitu, akachomoa sanduku ukutani, akabadilisha betri. Ile ya zamani aliitia begini. "Hii haitupwi mtoni wala jalalani," alisema. "Ina madini ya risasi na tindikali ndani. Tunaipeleka kwa wanaonunua betri mbovu." Akaurudisha waya: kichwa cha mraba kwenye sanduku, kichwa bapa kwenye kompyuta.

"Sasa waya upo, lakini kompyuta bado haina wa kuzisikiliza hizo habari," alisema. "Tunaweka programu ya bure inayoitwa NUT. Niwashie intaneti ya simu yako."

Programu ilishuka. Purvi alimpisha Rukaiya kwenye kiti. "Andika wewe. Mimi sitakuwepo kila siku."

Rukaiya aliandika katika mafaili machache ya maandishi. Katika la kwanza aliipa UPS jina, akaiita "sanduku". Katika jingine aliweka nywila. Katika jingine alimpa mlinzi kazi yake, maana NUT ina sehemu inayokaa macho muda wote. Betri ikibakiwa na nguvu kidogo, mlinzi anafunga mafaili na kuizima kompyuta taratibu. Maneno ya tahadhari waliyaandika kwa Kiswahili.

"Andika upsc, acha nafasi, halafu sanduku," alisema Purvi.

Rukaiya aliandika. Orodha ndefu ikatokea. Purvi alimwonyesha mistari miwili. Mmoja ulisema betri ina asilimia tisini na mbili. Mwingine ulikuwa na herufi OL.

"OL maana yake umeme wa ukutani upo." Purvi alichomoa plagi ukutani. Pii, pii, pii. "Andika tena."

Sasa herufi zilikuwa OB.

"Hiyo ni betri. Ukiona na LB imeongezeka, betri inakaribia kwisha, na mlinzi ataizima kompyuta." Akairudisha plagi. "Hatutaimaliza betri kwa majaribio. Nitamdanganya mlinzi kwamba imefika mwisho, tuone atafanya nini."

Alitoa amri moja. Madirisha ya kwenye kioo yalijifunga. Kioo kikawa cheusi bila mtu kugusa kitu. Hajira alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Imekufa tena!"

"Haijafa, bi Hajira. Safari hii imelala yenyewe." Purvi aliiwasha. Ikawaka bila kugoma.

Rukaiya alitaka kuusikiliza wosia palepale. Shangazi yake alimshika mkono.

"Hapana. Usikilizwe saa ileile. Alasiri, mashine ya Mwinyimvua ikinguruma. Kama marehemu hataki kusema, tutajua leo."

"Sawa, shangazi," alisema Rukaiya. Aliogopa, lakini alikubali.

Muhidini alirudi kutoka shambani mapema. Adhana ilipoita, waliswali, na Purvi akawangoja. Kisha wakaketi dukani wote wanne, mlango umefungwa.

"Rukaiya mwanangu, kama unanisikia, basi mimi nimeshazikwa..."

Muhidini alifumba macho. Alikuwa hajaisikia sauti ya mkewe tangu alipofariki. Nje, mashine ilikohoa, ikaanza kunguruma. Taa ikafifia, ikawa nyekundu. Nyuso zao zikawa nyekundu pia. Pii, pii, pii. Kwenye pembe ya kioo yakatokea maneno: NATUMIA BETRI.

Hakuna aliyesogea. Mama alizungumza juu ya wakwe, juu ya subira, juu ya majirani.

"Na mumeo, mwanangu..."

Kimya.

Hajira alimbana Rukaiya mkono. Wote walitazama sanduku. Kompyuta ilikuwa bado inawaka, lakini sauti haikutoka. Kisha, kutoka kwenye spika, walisikia maji yakimiminwa kwenye bilauri. Mtu alikunywa. Akakohoa.

"...simjui," ilisema sauti. "Mumeo simjui. Nitakuwa nimelala chini ya udongo. Watu watakujia waseme, mama yako angemtaka huyu, mama yako hamtaki yule. Wifi yangu Hajira atakuwa wa kwanza."

Hajira aliruka kitini.

"Mwambie nampenda. Lakini maiti hachagui mkwe. Chagua wewe uliye hai, na baba yako aridhie. Ni hayo tu. Nimechoka sasa. Zima, ukapike."

Wosia uliishia hapo. Mashine ilinguruma nje, na sanduku likaendelea kulia, lakini hakuna aliyelijali.

"Astaghafirullah," alisema Hajira. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Yumo kaburini na bado ananisema! Ndiye yeye huyo, hakubadilika hata kidogo." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Muhidini, wapigie simu watu wa Nyamisati. Waambie waje tupange siku."

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Duka halijapoteza faili tangu siku ile, na wateja wamerudi. Sanduku hulia kila alasiri, na Rukaiya hutazama asilimia, akaendelea na kazi yake. Lakini hayo ni ya baadaye.

Alasiri ile Muhidini hakuinuka kwenda kupiga simu. Alikuwa bado amefumba macho, mikono juu ya magoti.

"Betri ipo?" aliuliza.

Rukaiya aliandika amri, akatazama. "Ipo, baba."

"Inatosha kuanza mwanzo?"

"Inatosha."

"Basi anza," alisema Muhidini.