Saidati na Wimbo wa Herufi

Kila asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Saidati alifagia baraza ya chuo cha Kurani cha Maalim Kadiri mjini Gisenyi, akatandika mikeka na kuzipanga mbao za kuandikia. Zamani kazi hiyo ilimchosha. Sasa, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, aliifanya moyo ukimdunda kwa furaha, kwa kuwa mkeka mmoja ulikuwa wake: Maalim alikuwa amemkabidhi watoto wadogo awafundishe herufi za Kiarabu.

"Jumatano wazazi watakuja kuwasikiliza," Maalim alimwambia. "Wakizijua herufi zao, utabaki nao. Wasipozijua, utarudi kukaa na wenzako."

Saidati hakutaka kurudi. Siku za mwanzo watoto walisinzia, wengine wakachezea wino wa masizi. Ndipo akakumbuka jinsi wavuvi wa Nyamyumba wanavyoimba wakipiga kasia ziwani. Akazipanga alifu, be, te katika mapigo yale yale. Watoto wakazinduka. Waliimba wakiyumba mbele na nyuma kana kwamba wamo mtumbwini, na sauti zao zikafika barabarani, hata mafundi wakasimamisha vyerehani wasikilize. Saidati akawa analala huku akiitamani asubuhi.

Jumanne alasiri alikwenda ziwani kuchota maji, akamkuta rafikiye Nyiraneza, binti wa mvuvi, akianika nyavu na kuimba: alifu, be, te, mpaka ye, bila kukosea.

"We Nyiraneza, nani amekufundisha?"

"Mtaa mzima unauimba," Nyiraneza akajibu. "Donc, basi, na mimi ni mwanachuoni. Niletee kilemba changu."

Saidati alicheka, kisha kicheko kikamkatika. Nyiraneza alikuwa Mkristo. Hakuwahi kuushika ubao wa chuo, wala hakuijua herufi hata moja kwa macho. Ikiwa yeye aliweza kuimba zote, je, wale watoto walijua nini?

Alirudi upesi, akampitia Dauda, mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wenzake wote. Akachora herufi ya jimu mchangani. "Hii ni ipi?"

"Ngoja, Mwalimu. Mi naanza toka alifu." Dauda akaimba mpaka mwisho, akaitazama tena ile herufi, akakuna kichwa. "Imenipita," akasema.

Jumatano baraza ilijaa. Baba yake Dauda alikaa mbele, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Saidati alijua kwamba watoto wakiimba tu, kila mtu atafurahi na darasa litakuwa lake.

"Waanze," Maalim akaamuru.

"Nisamehe, Maalim. Watoto hawa wanajua wimbo. Herufi hawazijui. Nimewafundisha vibaya."

"Na zile kelele zote?" baba yake Dauda akauliza. "Mimi nimeshona suruali mbili zikaenda upogo kwa ajili ya wimbo huo."

Watu wakacheka. Saidati akainamisha kichwa. Maalim hakucheka. "Umejuaje kwamba hawajui?" akauliza.

Saidati akamweleza habari za Nyiraneza na za Dauda. Alipomaliza, akaanza kuelekea walikokaa wenzake.

"Unakwenda wapi, binti yangu?" Maalim akasema. "Wanafunzi wako wanakungoja. Anza upya, nami nitakuja kuwasikiliza tena."

Tangu siku hiyo wimbo ulikuwa wa kufungulia somo tu. Baada yake Saidati aliwaita watoto mmoja mmoja, akaigusa ubaoni herufi ya mwisho, kisha ya katikati, kisha ya mwanzo. Dauda alikosea mara nyingi, wakacheka pamoja, akarudia. Kabla ya mwezi kwisha Maalim alikuja na kalamu yake ya tete, akawagusia herufi bila mpango. Dauda aliitaja jimu, akaitaja mimu, kisha akakwama kwenye moja.

"Hii bado siijui, Maalim."

Maalim akamshika bega Dauda, akamtazama Saidati kwa furaha. "Umewafundisha herufi," akasema, "na umewafundisha pia kusema kweli. Shikeni maneno haya, wanangu:

Akiriye ujahili, mlango ameugonga;
Afichaye ujahili, mlango ameufunga.

Kutojua si aibu. Aibu ni kujifanya unajua, kwani hapo hakuna awezaye kukusaidia. Haya, Mwalimu Saidati, mwoneshe Dauda herufi yake."