Mkeka Mkavu wa Mignonne

Ninyi wenye watoto wadogo nyumbani, nisikilizeni, maana jambo hili lilitokea kati ya majirani waliokuwa wakiombana chumvi kila siku.

Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, huko Kolwezi, Katanga ya Kongo, Blandine na Kabedi walitwanga mihogo katika kinu kimoja. Blandine alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga. Kabedi alizaliwa hapohapo, lakini babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Mignonne, binti mdogo wa Blandine, alikohoa kwa vumbi la mgodi, na kila usiku alilowesha mkeka wake. Asubuhi mkeka ulipoanikwa uani, Kabedi alipaza sauti: "Mama wa Mignonne, mvua ilinyesha kwako tu?" Wakacheka wote, hata mtoto.

Kabedi alikuwa fundi wa maabara. Alijaribu dawa mpya ya kikohozi cha vumbi kwa panya weupe. Nusu yao walipewa dawa, nusu maji matupu, ili tofauti ionekane. Kalumba, mume wa Blandine, ndiye aliyewalisha na kusafisha vizimba vyao.

Kisha ukaja mwaka wa fukuza-fukuza. Biashara ya mgodi ilikuwa imeanguka, mishahara haikuonekana, na mikutanoni vijana waliambiwa kwamba njaa yao imeletwa na watu wa Kasai. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Nawaomba mliangalie neno hilo. Mtu akishaitwa mdudu, hata akisema kweli, hasikilizwi tena kama mtu.

Kalumba naye akaenda mikutanoni. Asubuhi moja mlango wa Kabedi ulivunjwa, naye akatoka na godoro moja na mama yake mzee, Nkambo Kanku, yaani Bibi Kanku. Blandine alitaka kwenda kuwaaga, mumewe akamshika mkono. Lakini Kabedi alisimama mbele ya ua wao.

"Tata Kalumba, bale panya usibaache na njaa. Na ile dawa, usimupe muntu hata mumoja. Mwisho yake hatujaiona bado."

Kalumba akafunga mlango. "Unasikia? Hata benye kufukuzwa banatuficha bitu bizuri! Panya wa dawa banaacha kukohoa, mi mwenyewe nilibaona. Banakuwa banene kama batoto ba patron wa mgodi."

Siku iliyofuata akaleta chupa. Mignonne akanywa, na kikohozi kikanyamaza. Mashavu yakajaa, hata majirani, ambao walikula bukari, ugali wa huko, mara moja kwa siku, wakauliza nyumba ile inakula nini. Na mkeka, kila asubuhi, ukawa mkavu. "Anakomaa," Blandine alisema. Akamshukuru Mungu, na kimoyomoyo akamshukuru Kabedi pia.

Mikutano ilizidi, na Kalumba akawasahau panya. Blandine akakumbuka ombi la jirani yake. Akamfunga Mignonne mgongoni, akaenda maabara kuwalisha mwenyewe.

Panya wa maji matupu walikuwa wembamba, wanakohoa, na maranda ya mbao chini yao yalikuwa yamelowa na kunuka. Panya wa dawa walikuwa wa mviringo. Blandine akaingiza mkono asafishe kizimba chao. Maranda yalikuwa makavu, kama yalivyotoka kwa seremala. Panya mmoja alilala ubavu, akihema. Alipomgusa tumbo, kidole kiliacha shimo.

Blandine akabaki amesimama na yale maranda makavu mkononi. Akaukumbuka mkeka. Akamshusha mtoto, akambonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo.

Hospitalini hakumkuta daktari. Madaktari wengi walikuwa watu wa Kasai, nao walikuwa wamefukuzwa. Akakimbilia kituo cha treni, ambako watu wa Kasai walilala chini ya maturubai wakingojea kuondoka. Alipita kati yao kwa haya. Nkambo Kanku ndiye aliyemwona kwanza. "Kabedi! Mama wa mvua anakuja!"

Blandine alilia, akaeleza yote: chupa, mashavu, mkeka, maranda.

"Bale panya banakunywa maji?" Kabedi aliuliza.

"Banakunywa."

"Na mikojo haitoke?"

"Haitoke, Mama Kabedi."

Kabedi akafunga macho. "Basi habakunona. Balivimba. Dawa inaponya kifua, inafunga figo. Ile ndiyo mwisho nilikuwa naogopa. Usimupe tena. Chumvi, hapana. Maji, kidogo kidogo."

Nkambo Kanku, ambaye miguu yake ilivimba kwa ugonjwa wa moyo, alifungua fundo la kitambaa kiunoni. Ndani vilikuwa vidonge vyake vya kukojoza, vichache, vya kumfikisha Kasai.

"Mama, na safari yako?" Kabedi alisema.

"Mi nilikojoa ya kutosha tangu wakati ya Babeleji. Mupe mutoto."

Muuguzi mmoja aliyekuwa akingoja treni pamoja nao akapima kipande cha kidonge kinachomfaa mtoto, akampa. Mignonne akalazwa mapajani mwa bibi, nao wakangoja, wakimtazama mtoto anavyohema.

Ndipo Kalumba akafika, amefura kwa hasira. "Blandine! Unaleta mutoto yangu kwa bi—"

Neno halikumalizika. Nkambo Kanku alipiga kelele, kitenge chake kinachuruzika. "Ananilowesha! Njooni muone, ananilowesha!" Wanawake wakapiga vigelegele, hata wasiomjua mtoto ni wa nani.

Blandine akamweleza mumewe kwa maneno machache. Kalumba alimtazama yule mzee, amelowa, bado amemkumbatia Mignonne. "Nkambo," akasema, "nipe ile kitenge." Mzee akajifunga kingine, na Kalumba akaenda bombani akakifua kile cha mikojo, mbele ya vijana wa mikutano.

"Kalumba, unafulia bilulu?" mmoja alimcheka.

Akajibu bila kugeuka: "Ninafulia nkambo wa mutoto wangu."

Treni ilipokuja, kitenge kilikuwa hakijakauka. Nkambo Kanku alikichukua vilevile, akapanda na vidonge pungufu. Kama alifika, Blandine hakusikia kamwe.

Mignonne alipona polepole, na mkeka ukalowa tena. Blandine aliuanika uani, akasimama kidogo, akisubiri sauti ya kumtania. Haikuja.

FUNDISHO

Dawa ambayo majaribio yake hayajaisha si ya kumpa mtu, hata ikianza kwa kupendeza. Wale panya walitutangulia katika maumivu. Tusipowatazama mpaka mwisho, wameumia bure. Na chuki haimuumizi anayechukiwa peke yake. Iliziba masikio ya Kalumba, nusura imzike mtoto wake. Jirani anayekuonya huku mlango wake umevunjwa hakufichi kitu. Anakupenda. Msikilize kabla treni haijaja.