Mfano wa Kwanza wa Mwalimu Edmund

Kila Jumamosi mchana, Nesi Kunigunda alikwenda kusoma kwa mumewe, Mwalimu Edmund. Edmund aliwafundisha watu wazima wa Ngumbo kuandika programu kwenye kompyuta ya parokia. Mfano wake wa kwanza ulikuwa programu iliyopokea tarehe kwa tarakimu, kisha ikaichapa kwa maneno. Kunigunda aliupenda, akautumia kuchapa kadi za kliniki ya watoto kwenye zahanati yake.

Jumamosi moja, tarehe tano Juni 2004, Lidia alifika zahanati kutoka Mbaha, mwanawe Glorious yuko mgongoni.

"Tumekuja kwa chanjo ya surua," alisema.

"Mama Glorious, si ulitakiwa tarehe sita Mei? Tulikungoja."

"Kadi yenu inasema tano Juni, nesi. Kusoma najua."

Kunigunda akaitazama kadi. Ni kweli. Mtoto amekaa mwezi mzima bila chanjo! Chanjo hiyo ilitolewa Alhamisi tu, hivyo akamwomba Lidia amrudishe mtoto Alhamisi.

Jumatatu akaja Eunice, fundi wa kompyuta kutoka Mbinga, aliyeitwa na Edmund.

"Uliandikaje tarehe?" alimwuliza Kunigunda.

"6/5/2004."

"Wewe huanza na siku. Programu hii huanza na mwezi. Imesoma mwezi wa tano kuwa siku, na siku ya sita kuwa mwezi."

"Mbona kadi nyingine ziko sawa?"

"Siku ikizidi kumi na mbili haichanganyi, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Ndiyo maana hamkugundua."

Edmund aliinamisha kichwa. "Kosa langu. Nilidhani tarehe ni mfano mwepesi."

"Kwa anayeanza ni mgumu, Mwalimu. Waanze kwa kujumlisha kilo za samaki wa usipa. Tarehe zije baadaye. Na zikija, kompyuta iulize siku peke yake, mwezi kwa jina, kisha mwaka."

Siku hiyohiyo Kunigunda alikagua kadi zote. Akakuta watoto wengine wawili wamepitwa na tarehe ya chanjo. Akaenda kwao kwa miguu, akawaomba radhi mama zao. Alhamisi watoto wote watatu walichanjwa. Glorious alilia kidogo, kisha akanyonya na kulala.

Darasani Edmund alianza upya. Mzee Ignatio, mvuvi, aliandika kilo za usipa wa siku tatu. Kompyuta ikajumlisha.

"Kumbe naweza!" alisema, na darasa zima likacheka naye.

Kadi mpya ziliandikwa: Alhamisi, 8 Julai 2004. Siku hiyo ilipofika, benchi la zahanati lilijaa asubuhi na mapema. Kunigunda aliita majina yote. Hakukosekana hata mtoto mmoja.