Picha Iliyosahauliwa Dirishani

Haya yalimkuta Secilia, rafiki yangu wa Gare, kwenye kijumba kimoja cha makumbusho huku Lushoto. Kazi yake ni kuingiza picha za kale kwenye kompyuta. Picha hizo huliwa na mwanga, kwa hiyo pazia hufungwa, picha hupigwa mara moja tu, kisha hurudi gizani ndani ya boksi.

Bosi wake Valentino, mdomo mkubwa kuliko akili, akachukua picha ya mwanamke aliyebeba kuni, akaiegemeza dirishani aipige kwa simu.

"Bosi, jua hilo litamla!"

"Secilia, huyu si ameshakufa? Jua litamfanya nini tena?"

Akasema ataiondoa, akaisahau pale, wakaenda kula. Waliporudi, kuni zilikuwepo, kaniki ilikuwepo, lakini uso ulikuwa umefutika. Na mwanamke yule hakuwa na picha nyingine duniani.

Valentino akacheka, akaitupia ndani ya boksi, akafunika, akavuta pazia. Mle ndani ya boksi kitu kikaanza kukwangua taratibu, kama ukucha kwenye karatasi. Kwaru. Kwaru. Kicheko kikamkauka.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, Eliza.

"Baba Kristian, nani kakukwangua uso kwenye picha yetu ya harusi? Na fremu haijafunguliwa!"

Mkwaruzo ukakoma. Secilia akawasha taa. Kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Valentino kulikuwa na kola, tai na masikio mawili. Katikati ya masikio palikuwa peupe.