Visu vya Rangi ya Damu ya Mzee

Kiganja changu kilikuwa chekundu, na sikuwa nimejikata.

Nilikuwa kwenye jiko la watu, mbele yangu beseni la vitunguu, mkononi kisu cha mwenye nyumba. Nikasuuza mkono. Maji yakaondoka mekundu. Nikakagua vidole vyote, sikuona hata mchubuko.

Ndipo nikakiangalia kisu.

Mpini niliokabidhiwa asubuhi ukiwa na rangi ya damu ya mzee ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Na kwenye kitako chake palikuwa na sehemu imeyeyuka, kama vile mtu ameing'ata.

Sehemu ile niliiyeyusha mimi. Kwenye jiko langu.

Kisu kilikuwa changu...

Jamani, kaeni vizuri niwasimulie.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Nilipoacha kazi ya hoteli, mkuu wetu wa jikoni alinipa seti ya visu vyake vya zamani, mipini myeupe ya plastiki ngumu, chuma cha maana kweli. Visu vile vilinilisha. Vilimlisha na mume wangu, bwana mmoja hodari sana wa kupanga mipango akiwa amelala chali kwenye kochi. Na vilimlisha mama yake, aliyekuja kwetu kupumzika wiki moja na mpaka siku ile alikuwa hajamaliza kupumzika.

Siku moja visu vikapotea. Sanduku lipo, ndani patupu.

Mume wangu alinifariji vizuri mno. Alinishika bega, akasema dunia imeharibika. Mama mkwe yeye alikuwa na jibu tayari: mdogo wangu ninayepika naye ana mkono mrefu, nimuulize yeye. Nilimjibu kwa adabu kwamba mdogo wangu namjua, na mjadala ukafungwa. Ila mdogo wangu aliyasikia yale maneno, na tangu hapo akawa haingii kwangu. Tukawa tunakutana kazini tu, akiwa amenuna.

Wiki hiyo hiyo vidole vya mama mkwe vilikuwa na wekundu kwenye kucha. Akasema alikuwa anatia pazia rangi. Pazia lenyewe sikuliona. Sikuuliza, maana nani anahangaika na pazia la mama mkwe?

Sasa, Jumamosi ile mume wangu aliondoka asubuhi, ana safari ya kikazi. Kazi gani, sikujua, ila shati nilimpigia pasi. Mama yake naye akaondoka, anakwenda kumwona ndugu mgonjwa. Mimi nikaitwa ghafla kwenye kazi mtaa wa mbali. Mpishi mwenzangu aliugua, akaniachia shughuli yake. Mwanamke mmoja fundi cherehani alikuwa anavishwa pete nyumbani kwake, na upande wa mwanaume ungekuja mchana.

Fundi cherehani alitupokea vizuri, mimi na mdogo wangu. Alipoona visu vyangu vipya, vile vya bei ya chee visivyokata hata nyanya, akacheka na kunitolea vyake. Akasema kwa aibu kidogo kwamba ni zawadi ya mchumba wake, vimetoka ng'ambo.

Ng'ambo... Yaani jikoni kwangu ndiyo ng'ambo.

Nilipomwita fundi cherehani jikoni, nilimwonyesha kiganja na kisu tu. Akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa.

"Hii ni rangi ya nguo za pamba," akasema. "Haishiki kwenye plastiki. Nani kaiweka kwenye kisu?"

Halafu akakigeuza kisu mkononi. Akaniambia taratibu kwamba rangi ile ni yake, kutoka kwenye rafu yake ya kazi. Mchumba wake alimwomba pakiti moja, akisema mama yake anataka kutia pazia rangi.

Mdogo wangu akaweka mwiko chini.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. Mimi na mume wangu, sebuleni kwetu, mwezi uliopita tu. Fundi cherehani aliitazama mpaka nikadhani atadondoka. Hakudondoka.

"Aliniambia mke wake alifariki," akasema. "Mama yake alilia mbele yangu. Alisema ulikuwa mtoto mzuri sana."

Basi marehemu ndiyo mimi, jamani. Marehemu nakata vitunguu vya sherehe ya mume wangu kumvisha mwanamke mwingine pete.

Mnadhani nililia? Chozi ni kitu cha heshima, huwezi kummwagia mtu yeyote tu. Nilichokuwa nacho pale ni kinyaa. Fikirieni mwanaume mzima anashindwa kununua zawadi, anaiba vifaa vya kazi vya mkewe. Anaomba rangi kwa mchumba, anakwenda kuchemsha visu na mama yake kwenye sufuria, halafu anadhani mpishi anakijua kisu chake kwa rangi. Ningemheshimu kidogo kama angekuwa mwizi mzuri.

Mdogo wangu alitaka kwenda kumsubiri getini na mchi. Fundi cherehani akakataa. Akasema wageni wake watakula kwanza, na sisi tupike kama tulivyopanga. Kwa hiyo tulipika, kwa vile visu vibovu vyangu, na visu vya ng'ambo tukaviweka pembeni.

Mchana wakaja. Kutoka jikoni nilimsikia mume wangu sebuleni, sauti nzito ya mtu mwenye mali. Mama yake alikuwa anawasifia wenyeji, anasema mwanawe ameteseka sana kwa upweke.

Wakati wa pete ulipofika, fundi cherehani aliomba kitu kimoja kabla ya kunyoosha kidole. Akaingia na beseni jeupe la maji ya moto, akaliweka mezani katikati ya ndugu zake. Akatumbukiza visu kimoja baada ya kingine, akavisugua kwa kitambaa.

Nilisogea mpaka kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyeniangalia, macho yote yalikuwa kwenye beseni. Maji yalikuwa mekundu kama ya machinjioni, na visu vilitoka na mipini myeupe yenye madoa ya waridi.

"Naona zawadi yangu inachuja," fundi cherehani akasema kwa upole. "Kulikoni?"

Mume wangu akafungua mdomo, lakini mama yake akawahi. Maskini, alidhani wanazungumzia ubora wa kazi.

"Nilimwambia atie siki rangi ishike," akasema kwa hasira. "Nikamwambia maji yachemke kwanza. Mtoto huyu hasikii."

Nikasema kutoka mlangoni, "Siki ilikuwa kabati la juu, mama."

Aligeuka. Sijui niwaelezeje ule uso. Mume wangu yeye hakugeuka kabisa, alibaki anatazama beseni kama mtu anayesubiri maji yamtetee. Kaka mkubwa wa fundi cherehani aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia mimi ni mke wa huyo bwana. Hakupiga mtu, hakutukana. Alisimama tu, akafungua mlango wa mbele, akaushikilia wazi mpaka wote wawili wakatoka. Njaa yao wakaondoka nayo.

Mdogo wangu alivikausha visu, akavifunga kwenye kitambaa, akanipa. Jioni alikuja kwangu, akaingia bila kubisha hodi, kama zamani. Tulisaidiana kutoa mabegi ya watu nje.

Baadaye kikaitishwa kikao cha familia, nyumbani kwa mjomba wa mume wangu. Mume wangu alipiga magoti, akasema ni shetani tu, alimpitia. Wajomba zake wakatikisa vichwa, wakaniambia kila mtu huteleza.

Niliwauliza swali moja. Kuteleza ni dakika. Huyu alifungua sanduku langu, akaenda kuomba rangi, akachemsha maji, akakaa akisubiri mipini ikauke, kisha akanizika mdomoni mwake na kumfundisha mama yake kulia. Muda wote huo shetani alikuwa anapita tu?

Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka, na hatujarudiana.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa na wako anayepiga magoti, usiangalie machozi. Angalia kazi aliyoifanya mpaka kukuumiza, hatua kwa hatua. Akikwambia shetani alimpitia, muulize alikaa muda gani.