Mstari wa Chaki kwenye Bolti

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Manyunyu yalianza alfajiri, na hadi saa mbili asubuhi yalikuwa bado yanagonga bati la gereji.

Saa mbili na dakika ishirini, injini ilianguka.

Ilikuwa injini mpya, inapandishwa kwa winchi ya mnyororo ili iwekwe juu ya meza ya chuma na kupimwa kwa mara ya mwisho. Ilipofika usawa wa kiuno, bolti moja kati ya mbili zilizoshika mnyororo ilichomoka. Injini ikapinduka na kutua sakafuni kwa kishindo. Bloku ilipasuka kutoka juu hadi chini. Mchomeleaji wa gereji, ambaye kila mtu alimwita Cheche, alichelewa kuvuta mguu. Kiatu chenye chuma kilimwokoa, lakini vidole viwili viliumia vibaya.

Mwenye injini alibaki ameshika mnyororo mkononi. Alikuwa mshonaji, mjane wa miaka hamsini na miwili, na pale gereji walimwita Mama Futi kwa sababu futikamba haikutoka shingoni mwake. Miezi tisa alikuwa amehudhuria darasa la jioni la ufundi hapo hapo gereji, akiazimia jambo moja: kubadilisha injini ya gari la porini aliloachiwa na mumewe. Alilipanga kama anavyopanga suti. Alikata katoni kwa umbo la injini mpya, akaijaribisha chini ya boneti, akaandika daftarini wapi itagusa rejeta na wapi itabana ekseli ya mbele.

"Hukukaza, mwanafunzi wangu," alisema fundi mkuu kwa upole. Huyu ndiye aliyefundisha darasa la jioni. Walimwita Daktari, maana aliweza kutaja ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. "Ni kosa la mtu anayeanza. Usijilaumu sana."

Mama Futi alipiga magoti. Wengine walidhani anasali, na kweli midomo yake ilikuwa inatembea. Lakini mkono wake uliingia chini ya meza ukatoka na bolti iliyochomoka. Aliipima kwa futikamba, akafungua daftari.

"Aitwe polisi," alisema. "Na mtu yeyote asishike kitu."

Saa tatu na robo koplo alifika, koti likidondosha maji. Aliwakalisha wanne kwenye matairi: Mama Futi, Daktari, Cheche aliyefungwa bendeji mguuni, na shemeji wa Mama Futi, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutazama kazi.

"Mama, una hakika hii si ajali?"

"Afande, jana bolti niliyofunga ilikuwa sentimita nne. Imeandikwa hapa, saa kumi na mbili na nusu jioni. Hii ni sentimita mbili. Imeshika nyuzi tatu tu, kama kifungo kilichoshonwa na mlevi."

Koplo alimgeukia shemeji. "Wewe jana ulikuwa hapa?"

"Nilipita saa kumi na mbili. Nikaondoka."

"Ulifuata nini?"

"Kumkumbusha shemeji makubaliano ya familia." Alikohoa. "Injini isipoingia kufikia Jumamosi, gari linauzwa kama lilivyo. Mnunuzi ninaye."

"Kumbe una faida injini ikivunjika."

"Afande, mimi hata tairi sijui kubadilisha! Muulize shemeji. Mwaka juzi nilifunga tairi nje ndani, kaka akacheka mpaka akakaa chini."

Mama Futi alitabasamu kidogo. Ilikuwa kweli.

"Na wewe, Cheche? Nasikia ulimdhihaki mama huyu."

"Nilimwambia akimaliza asisahau kuweka mifuko na kola. Utani tu! Sasa mimi nitege injini halafu niweke mguu wangu chini yake? Mimi mjinga, lakini si mjinga wa hivyo."

"Una ufunguo wa gereji."

"Ninao. Mimi na Daktari. Jana nilitoka na Mama Futi saa moja kasoro. Daktari alibaki anafuta ubao. Asubuhi nimefungua saa mbili kamili, huyu mama ananisubiri mlangoni na mwavuli wake."

Daktari alikunja mikono. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama kawaida. Aliandika sana ubaoni. "Nilifuta ubao, nikafunga, nikaenda nyumbani. Jamani, mama huyu ameumia. Tumwonee huruma. Auze gari, apumzike."

"Tangu injini ianguke, hii ni mara ya tatu unasema niuze gari," alisema Mama Futi.

Aliinuka. Alitoa mfukoni kipande cha chaki ya mshonaji, ya buluu, yenye nta.

"Afande, nikikaza bolti huwa nachora mstari mmoja, unaoanzia kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma cha pembeni. Ndivyo nifanyavyo kwenye nguo, nijue vipande viwili vinakutana wapi. Bolti ikizungushwa, mstari unakatika. Leo asubuhi nilitazama mistari yote miwili. Ilikuwa mizima, ndiyo maana nikavuta mnyororo."

Alichovya kitambaa kwenye maji ya mvua, akafuta mstari wa bolti iliyobaki kwenye injini. Rangi ya buluu haikutoka. Kisha akafuta ule uliokuwa kwenye bolti fupi. Ulitoka wote, kitambaa kikabaki na maji ya samawati.

"Hii si nta. Ni chaki ya ubaoni, ya rangi. Aliyebadilisha bolti aliujua mstari wangu, akauchora upya ili nisishtuke. Shemeji hajawahi kuuona. Cheche, wewe unatia alama kwa kitu gani?"

"Kwa msumari. Chaki inaungua."

"Na sanduku la chaki za rangi liko wapi?"

Wote waliliangalia kabati la darasa, kisha kifungu cha funguo kwenye mkanda wa Daktari.

"Chaki!" Daktari alicheka. "Nimekufundisha bure miezi tisa, halafu nikuvunjie injini? Kwa faida gani?"

"Hilo ndilo lililonitesa. Mpaka nilipokumbuka nilichosema jana darasani. Nilisema kwamba Jumatano, yaani kesho, kabla ya kuitoa injini ya zamani nitaiosha na kuifungua mbele ya wenzangu, tuone iliuawa na nini. Wengine walipiga makofi. Wewe ulidondosha kalamu."

Alichukua ndoo ya dizeli na brashi, akaenda kwenye gari lake lililoegeshwa pembeni, akafungua boneti. Injini ya zamani ilikuwa imeganda masizi na tope. Alisugua kimyakimya, kichwa cha bolti kimoja, cha pili, cha tatu. Koplo alisogea na tochi. Kwenye kila bolti ya kichwa cha injini palikuwa na mstari wa rangi ya njano wa kiwandani, umepita kutoka boltini hadi kwenye chuma bila kukatika.

"Mungu wangu," alisema Cheche. "Hii haijawahi kufunguliwa."

"Miezi kumi na sita iliyopita," alisema Mama Futi, "Daktari alimwandikia mume wangu kwamba ameifungua yote na kuweka pistoni mpya. Karatasi ninayo. Wiki tatu baadaye mume wangu alishikwa na tumbo. Nikamlaza kiti cha nyuma. Injini ikafa mlimani. Kwa muda wa saa nne nimeshika kichwa chake mapajani. Saa nne, Daktari. Daktari wa hospitali akaniambia ningewahi hata kwa saa moja, angepona."

Daktari aliketi kwenye tairi taratibu. Ile sauti ya upole ilikuwa imeisha.

"Nilibadilisha oili tu," alisema. "Kazi zilikuwa nyingi. Nilidhani itavumilia. Ulipokuja darasani sikuweza kukukataa. Nilitaka gari liuzwe na injini yake, liondoke tu, basi. Sikutaka mtu aumie leo."

"Na mguu wangu?" aliuliza Cheche.

Daktari aliinua macho. "Mama, wewe ni mtu wa sala. Nisamehe."

Mama Futi aliangalia spana ndefu iliyokuwa mezani, karibu na mkono wake. Wote waliiona. Koplo alipiga hatua moja. Lakini mama aliichukua kwa ncha za vidole na kumkabidhi shemeji yake.

"Kila usiku mwaka huu nimemwomba Mungu mambo mawili," alisema. "Jina la mtu aliyemponza mume wangu, na mikono yangu isimwage damu. Amenipa yote. Msamaha sijauomba bado."

Koplo alimfunga Daktari pingu. Mama Futi alijifuta dizeli mikononi, akasimama mlangoni, mvua ikiwa nyuma yake.

"Nyinyi watatu mtanishuhudia. Injini hii haiuzwi. Nitaifungua mbele ya hakimu, bolti moja moja, na kwa kila mstari nitakaoukata nitataja jina la mume wangu. Kisha nitatafuta injini nyingine na nitaifunga kwa mikono hii. Na wewe, mwalimu wangu, siku utakayotoka gerezani, hata nikiwa bibi wa miaka sabini, sauti ya kwanza utakayoisikia nje ya lango itakuwa ya gari hili. Naahidi."

"Tumesikia, shemeji," alisema mdogo wa marehemu.