Pumzi ya Tanuru

Jua lilikuwa limezama nyuma ya msitu wa Walikale, Valens alipotumwa makala, makaa ya tanuru. Kazi ya kawaida tu: shuka mpaka kibanda cha Mama Anastasie, jitwishe gunia, panda mlima kabla giza halijaingia sawasawa. Lakini Valens hakushuka mbio kwa sababu ya makala. Katika chumba cha nyuma, pale Anastasie anapoweka mihogo na maharagwe ya kuwapikia wachimbaji, alikuwa amemficha mke wake.

Amemficha, ndiyo. Komite ya mlima ule hairuhusu mwanamke mwenye mimba kukanyaga machimbo. Lakini Libérata angefanya nini? Risasi zilikuwa zimelia tena nyumbani kwao, Kashuga, akafunga kitenge, akafuata njia ya msitu mpaka kwa mume wake, tumbo mbele. Alifika usiku wa kuamkia jana. Zaidi ya Anastasie, hakuna aliyemwona.

"Tumbo iko nauma," Libérata alinong'ona. "Kidogo tu."

"Si ulisema bado mwezi muzima?"

"Mutoto hasomaka kalenda, Valens."

Valens alitaka kucheka. Anastasie hakumpa nafasi. Alimvuta nje kwa mkono, akamsemeza chinichini.

"Mutoto ameshuka. Ni leo ao kesho. Na amekaa vibaya, miye sipendi vile amekaa. Inaomba lopitali. Hapa niko na maji ya moto na maombi, basi."

"Tukimaliza kuyeyusha bati usiku huu, pikipiki ya bosi Peedeje itashuka asubuhi. Ameniahidia nafasi nyuma yake. Nitampa Libérata."

"Basi fanya mbio, kaka. Mimba haingojake pikipiki."

Valens akajitwisha gunia, akapanda.

Sasa utauliza, tangu lini wachimbaji wa kasiterite, mawe ya bati, wakayeyusha wenyewe? Una haki kuuliza. Mlima ule umeonja kila namna ya mkono. Wazee wa zamani walichoma humo mawe mekundu, wakapata chuma cha majembe na mikuki. Wakaja Wabeleji na reli zao na vigari vya kusukuma. Walipoondoka, msitu ukameza reli. Wakafuata wachimbaji wa leo, nyundo na tindo, tochi kichwani, wakitambaa kwa tumbo ndani ya ardhi. Juzijuzi ikaletwa pampu ya maji, ikaletwa mashine ya kusukuma hewa shimoni. Na kila aliyekuja aliwacheka waliotangulia. Loo, binadamu!

Mwaka huo mvua ilikata barabara. Magunia ya mawe yakarundikana yakioza kamba. Léopold, mwenye shimo, yule wanayemwita Peedeje, akapiga hesabu yake: mawe ni mazito, lakini bati lililokwisha kuyeyushwa pikipiki italibeba. Akajenga tanuru la matofali, akalifungia feni ya jenereta. Esanse, mafuta ya jenereta, ikaisha. Feni ikanyamaza.

Ndipo akaitwa Papa Albert, mwindaji wa kule msituni, ambaye babu zake walikuwa wafua chuma. Albert alilitazama tanuru la matofali, akatema mate pembeni. Alichukua udongo wa kichuguu, akajenga jingine, mahali palepale wachimbaji walipokuwa wamefukua mavi ya chuma ya wazee na mabomba yao ya udongo, yakiwa bado na alama za vidole. Mabomba hayo hakuyatupa. Aliyapachika chini ya tanuru lake. Kisha akalibandika matiti mawili ya udongo, akalifunga kamba kiunoni.

"Huyu ni mwanamuke," alisema mchana ule. "Leo atazaa."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Mwenye bibi yake iko na mimba, asiguse mivukuto. Ata kidole. Wanawake wawili hawawezi kuzaa na pumzi moja. Sasa museme. Iko nani?"

Wachimbaji wakatazamana.

Valens aliangalia vidole vya miguu yake. Marehemu baba yake alikuwa mhunzi huko Ngungu, na katika kundi lile la wachimbaji hakuna mwingine aliyejua kuvuta mivukuto bila kupoteza mwendo. Akisema, ataondolewa. Akiondolewa, bati halitoki, na bati lisipotoka pikipiki haishuki. Isitoshe alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya. Udongo ni udongo tu, alijiambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na shida?

Basi alifika juu na makala yake, akaketi kwenye mivukuto: bakuli mbili za mti zilizofunikwa ngozi ya mbuzi, kila moja na fimbo yake na bomba lake la kupuliza tanuruni. Mkono huu unapanda, mkono huu unashuka. Albert akatia makala na mchanga mweusi wa mawe yaliyosagwa. Giza likaingia.

Puf... puf... puf...

Moto ukawa mwekundu, ukawa wa njano. Valens alisikia raha ya kazi mabegani, akamkumbuka baba yake. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaleta sauti za kambi, sufuria, redio ya mtu. Na chini ya hizo, sauti nyingine.

Mwanamke anaugulia uchungu.

Puf... mm. Puf... mm.

Alipunguza mwendo. Sauti ikapunguza. Aliharakisha. Ikaharakisha. Kisha ikaja harufu. Si ya makala, si ya mawe. Aliijua, kila aliyekulia kwenye nyumba ya chumba kimoja anaijua. Ilikuwa harufu ya damu ya uzazi, na ilitoka kwenye mdomo wa tanuru.

Albert naye aliisikia. Alichuchumaa karibu, akanong'ona.

"Valens. Bibi yako iko wapi?"

"Kashuga."

"Sema kweli, mutoto wangu."

"Kashuga, Papa!"

Ngozi ya kulia ikashuka yenyewe. Hakuisukuma. Ilivutwa ndani, kwa nguvu, mpaka fimbo ikagonga kitako cha bakuli, na Valens akahisi hewa ikimtoka kifuani kama aliyepigwa ngumi. Kitu kilikuwa upande wa pili wa bomba. Kilikuwa kikinyonya.

Aliachia fimbo zote mbili.

Chini bondeni, kuugua kukakatika. Redio iliendelea. Kisha sauti ya Anastasie ikapasua ukungu.

"Valeeens! Bibi yako hapumui! Libérata hapumui!"

Wachimbaji wote wakamgeukia. Albert alishika kichwa.

"Umetuua," alisema taratibu. "Shika fimbo. Shika! Leo bibi yako iko napumua hapa."

Valens akashika. Puf. Huko chini, kilio kirefu cha mtu aliyeibuka kutoka majini. Akaachia tena, akaruka akimbilie kwa mkewe, maana ni nani angekaa? Hakufika hata kwenye mti wa kwanza. Anastasie alipiga yowe jingine, Valens akarudi kwa magoti, analia, anaita Yesu, anavuta. Albert akajaribu kumpokea. Moto ulimtii mzee, ukawaka vizuri kabisa. Bondeni kukawa kimya. Mikono iliyotakiwa ni ile ya aliyempa mimba, si mingine.

"Nisamehe, Libé," Valens alikuwa akisema kila akisukuma. "Nisamehe, nisamehe."

Tanuru likaanza kutetemeka. Kamba ya kiunoni ikakatika. Udongo ukapasuka chini ya matiti, na bati likatoka, jeupe, polepole, likajaza mfereji wa mchanga. Hakuna aliyeshangilia. Léopold peke yake, kwa mazoea ya biashara, alingoja ligande, akaokota ufito mwembamba kwa kitambaa chenye maji, akaukunja. Bati safi hulia likikunjwa, wanunuzi wote wanajua: mlio mdogo, kama chumvi iliyomwagikia moto.

Hili halikulia hivyo.

Lililia kama mtoto mchanga. Léopold akalitupa, na mlio ukaendelea chini ya majani mpaka ukachoka.

Ndipo Anastasie akaita tena, na sauti yake haikuwa ya furaha wala ya msiba.

"Amezaliwa! Ni mwanamume! Iko hai... lakini halii."

"Libérata?"

"Anapumua yeye mwenyewe sasa. Ila mutoto... Valens, usiache. Ukiacha, anakuwa bluu."

Hakuacha. Makala yaliisha, moto ukafa, majivu yakapoa, yeye akaendelea kupulizia tanuru la baridi. Kulipopambazuka walimleta Libérata juu, penye pikipiki, amebebwa kwenye kipoyo, machela ya miti, mtoto kifuani. Valens alimwona mwanawe. Kifua kidogo kilipanda na mkono wake wa kulia, kikashuka na wa kushoto. Macho yalikuwa wazi, meupe sana.

Damu ya Libérata haikukoma. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka chini. Léopold aliisogeza pikipiki mwenyewe. Bati lilibaki mchangani, hakuna aliyetaka kuligusa.

"Apelekwe lopitali sasa hivi," Léopold alisema. "Mama atakufa."

"Na mutoto?" Valens aliuliza. "Abaki na mimi?"

"Atanyonya nini kwako?" Anastasie alisema. Kweli, atanyonya nini?

Valens akamgeukia Albert. "Papa, upepo wangu utafika mpaka wapi?"

Mzee aligusa alama za vidole kwenye mabomba. "Wazee hawakutuambia hiyo. Hakuna mutu aliyefanyaka hivi."

Libérata alimshika mumewe shavu. Mkono wake ulikuwa baridi. "Usiache," alisema tu. Wakamfunga yeye na mtoto kwa kitenge mgongoni mwa Léopold, Anastasie akapanda nyuma amshike. Pikipiki ikashuka. Mngurumo ukawa mdogo, ukazunguka kilima, ukapotea. Hapo mlimani simu hazishiki mtandao. Kama mtoto anapumua, kama amekuwa bluu zamani, hakuna wa kumwambia.

Wachimbaji wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Albert alibaki. Alimlisha Valens uji kwa mkono, akamfuta kamasi, akamfukuzia nzi. Jua likapanda, likawa kali, likaanza kushuka tena.

Puf... puf...

"Uko na usingizi?" Albert alinong'ona.

"Hapana, Papa," Valens alisema, na macho yake yakajifumba.